Tezi iliyopotea njia: kasoro za kuumbwa kwa thairoidi na ishu ya kansa

Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo alafu toa ulimi nje mpaka mwisho huku ukiangalia shingo yako hapo juu ya kikoromeo. Wengi wenu hamtaona kitu. Lakini yupo mtu mwenye kauvimbe kalaini, ka mviringo, kamekaa katikati kabisa ya shingo, na kila akitoa ulimi kanapanda juu kama kuna mtu anakavuta na uzi. Na uzi kweli upo. Ni kijia chembamba kinachotoka kwenye shina la ulimi kuja chini, ambacho kilitakiwa kiwe kimeshafutika kabla huyo mtu hajamaliza hata miezi mitatu tumboni mwa mama yake.

Swali la kwanza la mwenye uvimbe huwa ni lilelile, eti hii ni kansa? Mara nyingi sana sio. Ila watu wengi, na saa ingine hata madaktari, wanachanganya mambo mawili hapa: tezi kukaa pasipo mahali pake, na tezi kuwa na kansa. La kwanza halizai la pili. Tezi iliyopotea njia bado ni tezi ileile na inaweza kupata ugonjwa wowote ambao tezi iliyokaa vizuri ingeupata, kansa ikiwemo, sio zaidi ya hapo kwa kadiri ushahidi uliopo unavyoonyesha. Wanaoumia zaidi ni wale ambao jambo moja limesomwa kuwa ni lingine, na kuelewa hilo inabidi turudi nyuma mpaka kwenye wiki ya tatu ya mimba.

Thairoidi, ile tezi ya shingoni inayotengeneza homoni, ambayo kwenye vitabu vya shule utaikuta kama tezi dundumio, haianzii shingoni. Inaanzia kwenye ulimi, au tuseme mahali ambapo ulimi unajengwa. Kama siku ya 24 hivi, kundi dogo la seli kwenye sakafu ya koo la kiinitete linaanza kunenepa na kuzama. Sehemu lilipozamia imeacha kashimo kadogo ambako unako mpaka leo, nyuma kabisa ya ulimi, pale ambapo ukigusa unataka kutapika. Kutoka hapo lile kundi linashuka katikati ya shingo, linapita kwenye mfupa wa hayoidi, ule wenye umbo la kiatu cha farasi ulio juu ya kikoromeo, linaendelea mbele ya sanduku la sauti mpaka kufikia wiki ya 7 linatulia mbele ya bomba la hewa likiwa na mabawa mawili, kushoto na kulia. Nyuma yake limeburuza mkia, kile kijia tulichokisema, na kufikia kama wiki ya 10 kinatakiwa kiwe kimeyeyuka.

Alafu kuna abiria wengine wanaodandia mwishoni kabisa. Seli zinazotengeneza homoni ya kalsitonini hazitoki kwenye ulimi, zinatoka pembeni, kwenye vifuko vya koo vya kiinitete, zinakuja kujiunga na tezi ikiwa inakaribia kufika. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa fikiria safari yote hiyo inafanyika ndani ya kitu chenye ukubwa wa punje, huku shingo yenyewe inajengwa wakati huohuo. Kinachonishangaza mimi ni kwamba kwa watu wengi inafika. Na hata waliofika salama wengi wana alama za njiani, kama nusu ya watu wana kale kabawa ka tatu kanakochongoka juu kutoka katikati ya tezi, ambako ni mabaki ya mkia, na wala sio ugonjwa. Kama asilimia 7 ya watu wana kipande cha kijia ambacho hakikufutika na wengi wao wanazeeka bila kujua.

Zile kasoro zenyewe

Inawezekana tezi isiumbwe kabisa. Au iumbwe nusu, upande mmoja tu. Au iumbwe vizuri lakini isisafiri, ibaki kwenye ulimi, au iishie njiani chini ya ulimi. Mara chache sana inapitiliza mpaka kifuani, na kuna watu wamekutwa na thairoidi karibu na moyo. Au tezi inafika ila mkia unabaki na kuja kujaa maji. (Ipo pia thairoidi ya kwenye ovari, ila hiyo haikupotea njia, imeota ndani ya uvimbe wa teratoma ambao unaweza kuotesha hata nywele na meno, kwa hiyo tuiache.)

Ile ya kutokuumbwa kabisa, pamoja na kubaki njiani, ndo sababu kubwa ya watoto kuzaliwa na upungufu wa homoni ya thairoidi. Tatizo hili linampata kama mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, na karibu asilimia 80 mpaka 85 yao chanzo ni tezi kutoumbwa au kutokaa sawa. Asipogundulika mapema ubongo wake unadumaa, na hapo hata ukija kumpa dawa baadaye kilichopotea hakirudi. Ndo maana kuna kile kipimo cha kumchoma mtoto kisigino siku chache baada ya kuzaliwa na kudondoshea matone ya damu kwenye karatasi nene, kipimo kilichoanzia Quebec nchini Kanada mwaka 1974 na kimeokoa akili za watoto wengi mno. Akianza levothairoksini, yaani dawa ya homoni ya thairoidi, ndani ya wiki mbili za mwanzo anakua kama wenzake. Kuhusu kansa hapa maneno ni machache, tezi isiyokuwepo haina cha kuota kansa.

Ya upande mmoja nayo tuipitie haraka. Kwa kawaida linalokosekana ni bawa la kushoto, karibu mara nne kati ya tano, na wenye nalo hawafiki hata 1 kati ya 500. Wengi wanagundua kwa bahati mbaya, amekwenda kupigwa ultrasaundi ya kitu kingine kabisa, mpimaji anatafuta bawa la pili halioni, anamuuliza umewahi kufanyiwa upasuaji wa shingo? Hajawahi. Bawa lililobaki linafanya kazi ya wawili na linajikimu. Kansa zimewahi kukutwa humo, lakini ni ripoti za mgonjwa mmojammoja, na ripoti za namna hiyo zina tabia ya kuandikwa kwa sababu ni ajabu, hakuna anayeandika kuhusu mama mwenye bawa moja aliyeishi miaka 80 bila shida yoyote.

Thairoidi ya kwenye ulimi

Hii ndo inayonikaa kichwani zaidi kuliko zote. Ni adimu, mtu 1 kati ya 100,000 au hata chini ya hapo, na wanawake wanaipata mara kadhaa zaidi ya wanaume. Katika thairoidi zote zilizokaa mahali pasipo pake, karibu asilimia 90 ziko hapo nyuma ya ulimi. Ukimfungua mdomo mwenye nayo ukaubana ulimi chini unaona kilima chekundu au cha pinki, laini kwa juu, kimetambaliwa na mishipa midogo ya damu, kimekaa katikatikati. Yeye mwenyewe anakuambia anahisi kuna kitu kooni hakiendi juu wala chini, akimeza kinakwama, sauti imekuwa nzito kama mtu anayeongea na kitu cha moto mdomoni, usiku anakoroma mpaka anaamka anatafuta hewa. Saa ingine kinatoa damu.

Na kinaweza kuvimba ghafla msichana akivunja ungo au mwanamke akipata mimba. Hapo kila mtu anaogopa, uvimbe kooni ambao umekua ndani ya miezi michache, nani asiogope. Lakini sababu ni nyepesi ukishaijua. Mwili unahitaji homoni nyingi zaidi kipindi hicho, ile tezi ndogo iliyodumaa haitoshelezi, kwa hiyo ubongo unazidisha TSH, ambayo ni homoni ya kuiamrisha thairoidi ifanye kazi, na thairoidi ikiamrishwa sana inavimba. Ni msuli unaobebeshwa mzigo. Kwa wengi ukiwapa levothairoksini TSH inashuka na kile kilima kinapungua, kisu hakihitajiki.

Sasa msiba wenyewe uko hapa. Kwa kama asilimia 70 ya watu hawa, kile kilima cha ulimini ndo thairoidi pekee waliyo nayo mwili mzima. Shingoni hamna kitu. Daktari ambaye hajawahi kukiona anadhani ni uvimbe tu, au ni nyama za tonsili za nyuma ya ulimi zimezidi, anakikata kisafi kabisa, kidonda kinapona, mgonjwa anaruhusiwa, na wiki kadhaa baadaye anaanza kuvimba uso, kusikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, kulala mchana kutwa. Ameondolewa tezi yake yote bila yeye wala aliyemkata kujua. Jambo la dakika kumi lingezuia, kumpitisha ultrasaundi shingoni kabla ya kisu kuona kama kuna tezi ya kawaida mahali pake.

Kansa kwenye thairoidi ya ulimi ipo, haifiki asilimia 1 ya wenye nayo. Kinachotia shaka ni kikiwa kigumu kikiguswa, kina kidonda kisichopona, kinatoa damu mara kwa mara, kinaendelea kukua hata TSH ikiwa imeshuka, au mitoki ya shingo imevimba. Hapo inatolewa sampuli, na kwa uangalifu, manake ile nyama ina damu nyingi.

Mkia uliojaa maji

Tunarudi kwa yule mtu wa kwenye kioo. Uvimbe wake unaitwa sisti ya mfereji wa thairoidi na ulimi, na ndo uvimbe wa kuzaliwa nao unaoongoza katikati ya shingo. Wengi wanauona wakiwa watoto, mara nyingi baada ya mafua au koo kuuma, kwa sababu wadudu wanaingia kwenye kale kafuko na kanajaa usaha. Kanatumbuliwa, kanapona, kanarudi. Kanatumbuliwa tena. Nimeshasoma simulizi za watu waliotumbuliwa mara tatu nne kabla hawajakutana na mtu aliyewaambia ukweli kwamba kutumbua hakumalizi kitu.

Sababu ni ule mfupa wa hayoidi. Mfupa unaundwa wakati tezi inapita, kwa hiyo kijia kinaweza kupita mbele yake, nyuma yake au hata kunaswa ndani yake, na huko kinatoa matawi membamba ambayo jicho halioni. Ukitoa kifuko peke yake unaacha mizizi, na kinaweza kurudi hata kwa nusu ya wagonjwa. Mwaka 1920 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani, Walter Ellis Sistrunk, alichapisha mbinu yake: toa sisti, toa na kipande cha katikati cha mfupa wa hayoidi, alafu chonga nyama inayozunguka kijia mpaka kwenye shina la ulimi. Inasikika kama ukatili kwa kauvimbe kadogo vile. Lakini ilishusha kurudi mpaka kwenye asilimia chache tu, na zaidi ya miaka mia baadaye ndo bado inayofanyika. Mtu hauhisi upungufu wa kile kipande cha mfupa, anameza na kuongea kama kawaida.

Na kansa? Kama asilimia 1 ya sisti hizi. Kansa ya kwanza ya namna hii iliripotiwa mwaka 1911 na tangu hapo zimekusanyika mia kadhaa duniani kote, wengi wao watu wazima, umri wa miaka 40 hivi, sio watoto. Zaidi ya asilimia 80 ni kansa ya papilari, aina ileile inayoongoza kwenye thairoidi ya kawaida, na ni aina yenye matokeo mazuri sana ikitibiwa.

Kinachosumbua ni kwamba mara nyingi haijulikani kabla. Mgonjwa ameshonwa, ameshakwenda nyumbani, sisti yake ipo maabara imekatwa vipande vyembamba, na yule anayechungulia kwenye hadubini anaona kwenye ukuta wa kifuko seli zimejipanga kama vidole vidogo, viini vyake vimekuwa vyeupe ndani kama vimefutwa na ufutio, vimebanana vinapandiana, na pembeni kuna punje za kalisiamu zenye miduara ndani ya miduara. Hiyo ni papilari. Simu inapigwa.

Ingawa dalili za mapema zipo kwa anayezitafuta. Ultrasaundi ya sisti safi inaonyesha maji meusi na ukuta mwembamba. Ukiona kinyama kigumu kimetokeza kutoka ukutani kuingia kwenye maji, na ndani ya hicho kinyama kuna vidoti vyeupe vinavyong'aa, ambavyo ni zile punje za kalisiamu, basi hiyo sio ya kutumbua. Inachomwa sindano na kuvutwa seli, na sindano yenyewe ielekezwe kwenye kinyama, manake ukivuta maji tu utapata majibu safi huku kansa imekaa ukutani inakuangalia.

Wataalamu walibishana muda mrefu kama kansa hii inaanzia humohumo kwenye kijia au imeshuka, au tuseme imepanda, kutoka kwenye tezi kuu. Hapa ndo wale abiria wa pembeni wanakuja kutusaidia. Ukitazama kansa zote za thairoidi kuna aina inaitwa ya medula, inayotoka kwenye zile seli za kalsitonini, na hii haikutwi kwenye sisti za kijia. Inaeleweka kabisa, zile seli hazikupita njia hiyo, zilikuja kutoka pembeni wakati tezi inakaribia kufika, kwa hiyo kijia hakina mbegu yake. Kansa inayoota njiani ni ya zile seli zilizosafiri na kubaki njiani. Kwangu mimi huo ni ushahidi mtamu kuliko takwimu, ingawa ni kweli pia kuna wagonjwa ambao ukiwatazama tezi kuu unakuta na yenyewe ina kansa yake, ndo maana baada ya majibu ya namna hii lazima tezi na mitoki vipimwe vizuri.

Kama tezi kuu itolewe au ibaki, bado madaktari hawajakubaliana. Mgonjwa mwenye kansa ndogo iliyobaki ndani ya kifuko, tezi yake safi kwenye ultrasaundi, mitoki yake safi, wengi sasaivi wanaona upasuaji wa Sistrunk unamtosha pamoja na kufuatiliwa. Kama kansa ni kubwa, imepasua ukuta, au tezi ina vinundu vya kutilia shaka, wanatoa na tezi. Mimi nikiwa mgonjwa ningetaka kuambiwa niko kundi gani na kwa nini, kabla ya kukubali kumeza kidonge kila asubuhi maisha yangu yote.

Katikati na pembeni

Hili ningependa lisomwe taratibu.

Zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari walikuwa wanakuta vinundu pembeni ya shingo, wanavitoa, maabara inasema ni nyama ya thairoidi. Wakasema basi hii ni thairoidi iliyopotea ikaenda pembeni, kasoro ya kuumbwa, mgonjwa aende zake na amani. Ikapewa mpaka jina lake. Na seli za papilari zikishasambaa zinaweza kuonekana tulivu kweli, zimejipanga vizuri utadhani ni nyama ya kawaida, kwa hiyo kosa lenyewe lilikuwa rahisi kulifanya. Kufikia katikati ya karne wapatholojia, madaktari wa kuchunguza nyama maabara, wakaanza kuchunguza lile bawa la thairoidi la upande uleule wa kinundu, kipande kwa kipande, na wakakuta humo ndani kakansa kadogo, saa ingine hakafiki hata sentimita moja. Vile vinundu vya pembeni havikuwa tezi iliyopotea. Vilikuwa mitoki iliyojaa kansa iliyosafiri kutoka kwenye tezi.

Sasa angalia ramani ya safari tuliyoichora. Tezi inashuka katikati. Haijawahi kupita pembeni. Nyama ya thairoidi ukiikuta kwenye mstari wa katikati, kutoka ulimi mpaka kifuani, ina maelezo halali ya kuumbwa. Ukiikuta pembeni, na hasa ndani ya mtoki, mzigo wa kuthibitisha unageuka, ni kansa iliyosambaa mpaka ithibitike sio. Zipo zisizo kansa, kinundu kilichochomoka kutoka kwenye rovu la zamani, au vipande vilivyodondoka na kushika baada ya upasuaji au ajali, hata tezi potofu ya kweli ya pembeni imewahi kuonekana, ila ni chache na haziwi jibu la kwanza.

Mtego mwingine wa hukohuko pembeni ni sisti. Mtoki wenye papilari unaweza kuyeyuka ndani na kuwa kifuko cha maji, ukiupiga ultrasaundi unafanana kabisa na sisti za kuzaliwa nazo za pembeni ya shingo ambazo ni za watoto na vijana. Mtu amevuka miaka 40 ndo anaota sisti ya pembeni ya shingo kwa mara ya kwanza, asikubali kuambiwa ni ya kuzaliwa nayo mpaka thairoidi na koo lote viwe vimetazamwa, kwa sababu kansa za koo na tonsili nazo zinapenda kujitokeza hivyohivyo.

TSH na majeni

Kuna njia mbili ambazo kasoro na kansa zinaweza kweli kushikana mkono, na zote zinazungumzwa kwa kukuza sana.

Moja ni TSH. Tezi dhaifu inaamrishwa kwa nguvu miaka na miaka, seli zinagawanyika mno, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa. Mfano mzuri zaidi sio hata tezi iliyopotea njia, ni ile iliyokaa mahali pake ila mashine yake ya ndani ina hitilafu, haiwezi kuifunga iodini, yaani madini joto, kwenye homoni. Ugonjwa wa Pendred, ulioelezwa mwaka 1896, uko kwenye ukoo huo: mtoto anazaliwa na shida ya kusikia na baadaye anaota rovu. Marovu ya aina hii yakiachwa bila dawa miaka mingi, kansa imekutwa kwa baadhi, na ndo sababu nyingine ya kumpa mtu levothairoksini mapema na kuifuatilia TSH yake. Lakini na huku kuna mtego, wa kinyume na ule wa pembeni. Seli za marovu haya zikiangaliwa kwa hadubini zinatisha, viini vikubwa visivyo na mpangilio, na mpatholojia asiyeambiwa historia ya mgonjwa anaweza kuandika kansa mahali ambapo hamna. Kwa hiyo ile fomu ya maabara, pale panapoandikwa historia fupi ambapo wengi wanaweka mstari mmoja tu, pajazwe.

Njia ya pili ni majeni. Tezi inajengwa kwa amri za jeni kadhaa, kati yake PAX8, NKX2-1 na FOXE1. Jeni hizi zikiharibika kabisa mtoto anaweza kuzaliwa bila tezi au na tezi iliyodumaa. Mwaka 2009 watafiti wa Aisilandi na wenzao wakaonyesha kwamba tofauti ndogondogo za kawaida jirani na FOXE1 na jirani na NKX2-1 zinaambatana na kupata zaidi kansa ya thairoidi. Na PAX8 yenyewe, ikikatika na kuungana na jeni nyingine ndani ya seli ya mtu mzima, inakutwa kwenye sehemu ya kansa za folikula, aina nyingine ya kansa ya thairoidi. Yaani mafundi walewale walioijenga tezi wanaonekana tena kwenye eneo la tukio. Inavutia, nakubali. Ila usiruke ukasema kwamba basi aliyezaliwa na tezi isiyo sawa amezaliwa na kansa mfukoni. Zile tofauti za mwaka 2009 wanazo watu wengi wenye tezi nzima kabisa, na kila nakala moja ya tofauti hizo, peke yake, haiongezi hatari hata kufikia mara mbili. Alafu kasoro zenyewe hazirithishwi sana, wenye ndugu mwenye tatizo hilohilo ni kama asilimia 2 tu, na hata mapacha wa kufanana mara nyingi mmoja anakuwa nayo mwenzake hana. Mionzi shingoni utotoni ina uzito mkubwa zaidi kuliko haya yote, waliokuwa watoto jirani na Chernobyl kinu cha nyuklia kilipolipuka mwaka 1986 ni mashahidi.

Kitu cha mwisho, kwa wale ambao tayari wametolewa thairoidi kwa ajili ya kansa ya kawaida. Baada ya upasuaji wengine wanapewa iodini yenye mionzi na kupigwa skani kuona kama kuna mabaki. Nyama yoyote ya thairoidi inayovuta iodini inawaka. Na sio mara moja wala mbili, mtu anaona kwenye picha yake doti linalowaka juu ya shingo, mbali na pale tezi ilipokuwa, na usiku huo halali, anajua kansa imepanda. Anayejua ramani anauliza kwanza liko katikati au pembeni. Anaongeza picha za sitiskani juu ya ile ya iodini, anaona doti limekaa katikati kabisa, limelalia mfupa wa hayoidi. Ni mabaki ya ule mkia wa wiki ya 7, na yamekuwa hapo tangu mwanzo.